Yowe Nililolipiga Mashineni

Mwanangu Neema,

Umetoka na baba yako kwenda Itigi kuwaaga shangazi zako, nami nimebaki na begi lako ambalo nimelifungua na kulifunga mara tatu bila kutia wala kutoa kitu. Habari za sweta, za pasipoti na za kutolala na njaa sikuandikii. Shangazi zako wanakuambia hayo sasa hivi, tena wote kwa pamoja. Mimi nina jambo moja ambalo mdomo umeshindwa kulibeba. Jana nilikuita jikoni mara nne, ukaja mara nne, nikakutuma chumvi. Chumvi imejaa humu ndani, na wewe mwenyewe ulinicheka.

Unakwenda India kusomea dawa, na utakaa nyumbani kwa Hansa, binti wa marehemu Mzee Jayanti. Hansa anakupokea kwa sababu moja tu: watu wa Manyoni walitaka kumuua baba yake, na mama yako, akiwa na mimba ya miezi saba, alimlalia yule mzee mwili mzima mpaka wakashindwa kumpiga. Mimba hiyo ni wewe. Umekua na hadithi hii. Mwalimu wako wa darasa la tano alikusimamisha mbele ya wenzako ukaisimulia, ukarudi nyumbani umevimba kwa sifa.

Hadithi hiyo ni kweli, mwanangu. Kasoro yake ni kwamba inaanzia katikati. Mwanzo wake nimeukalia miaka ishirini, na siwezi kukuacha uende kula chakula cha watu juu ya nusu ya hadithi.

Mzee Jayanti unamkumbuka kidogo. Unakumbuka fimbo yake ya kutembelea, na ile sauti yake ya kukohoa kabla hajasema. Unakumbuka vidole viwili vya mkono wake wa kulia ambavyo havikukunjuka. Ulimwuliza siku moja, "Babu, mbona vidole vyako vimelala?" Akakujibu kwamba vimechoka kazi. Mimi nilikuwa nimesimama hapo mlangoni na sufuria ya uji, nikaangalia pembeni. Vidole vile nilivivunja mimi.

Ngoja nianze nyuma kidogo, ili unijue nilikuwa mtu gani.

Mwaka wa tatu wa ndoa yangu niliokoka. Baba yako ni Mwislamu, unamjua, hana kelele, alisema tu, "Mradi usinikataze kufunga." Lakini wenzangu wa ushirika hawakunipokea vizuri. Kila maombi yalipofika mwisho kulikuwa na mmoja wa kumwombea "dada yetu Debora aliyefungwa nira na asiyeamini." Nilikaa pale nikiwa nusu mtu. Nikatafuta kitu cha kuwaonyesha kwamba moto wangu unawaka kuliko wao.

Nikakipata kwa mama yangu. Bibi yako alikuwa na chungu cheusi cha tambiko, alichokipokea kwa mama yake. Mvua ikichelewa, au mtoto akiumwa, alikitoa, akatia maji na unga, akanong'ona. Hakukuwa na zaidi ya hapo. Siku ya Jumapili nilitoka kanisani na wenzangu watano, tukiimba, tukaingia kwake bila hodi. Nikakitoa chungu uvunguni nikakipiga chini kwenye jiwe la kusagia. Kilipasuka vipande vingi sana, na wenzangu wakashangilia.

Mama yangu hakulia. Alitazama, akaokota mchi wa kutwangia, akanipiga nao usoni. Kovu hili la juu ya jicho ambalo nimekuwa nikikuambia nilianguka kwenye baiskeli, ndilo hilo. Nikiwa chini, damu imenijaa macho, nilimsikia akisema kwa Kigogo, taratibu kabisa, kwamba Mulungu hakukaa ndani ya chungu, alikuwa akikaa ndani ya mkono unaokishika. Mimi nikasema pepo linaongea. Nikatembea mpaka nyumbani na damu ile bila kujifuta, ili watu wanione. Nilijiona shahidi wa imani.

Tangu siku hiyo mimi na mama hatukuamkiana kwa muda mrefu. Mimi mtoto nikakataa kumwamkia mama yangu shikamoo kwa jina la Yesu. Sijui nilidhani Yesu alifurahi.

Kazi nilifanya kwa Mzee Jayanti, kwenye mashine yake ya kukamua alizeti. Nilizoa mashudu kwa koleo, nilifagia, nilipanga magunia. Alizaliwa hapahapa, alisema Kigogo kuliko baadhi yetu, na asubuhi aliniamkia "Mbukwenyi" kabla sijafungua kinywa. Watu walimwita Mhindi mbele yake na Baniani nyuma yake. Unajua msemo wa Waswahili, Baniani mbaya kiatu chake dawa. Tulikamulia kwake, tulipelekwa hospitali kwa gari lake, na ubaya tukamwachia yeye.

Kila Jumamosi alitundika limau na pilipili mlangoni, kinga ya kijicho kwa desturi yao. Siku yao moja ya mwaka aliipaka injini alama nyekundu na kuiwekea ua, tena akaizima kutwa nzima ipumzike. Mimi nilimchokoza sana kwa hayo. Nilimwuliza, "Mzee, nyie mna miungu mingapi?"

"Wewe una majina mangapi?" akaniuliza.

"Debora."

"Na kwenu?"

"Nyemo."

"Na huyo mumeo anakuitaje?"

Nikanyamaza, maana baba yako enzi hizo aliniita jina lisilosemeka mbele ya wazee. Akacheka. "Basi mmoja wewe, na bado unaitika kote. Kwa nini Yeye ashindwe?"

Akaniambia kwamba hata kwao hawajakubaliana. Wako wanaosema Mungu ana umbo na unaweza kumvisha ua. Wako wanaosema hana umbo kabisa na ua ni la kukusaidia wewe mwenye macho. Na wako wanaosema wewe na Yeye hamjatengana tangu mwanzo, unajitafuta kama mtu anayetafuta miwani aliyoivaa. Nilimwuliza kama katika kubishana kote huko hawajawahi kuuana. Akasema, "Tumeuana. Sikuambii kwetu ni malaika." Kisha akanionyesha magunia. "Angalia. Hii alizeti ya Mtinko, hii ya Kiomboi, hii ya Ikungi. Ikishapita kwenye mashine, nani ataniambia haya ni mafuta ya wapi?"

Hapo nilimshika. Nikamwambia, "Mzee, kila siku hapa watu wanashikana mashati kwa sababu hiyohiyo. Mwenye gunia anataka mafuta ya gunia lake. Anakaa kwenye benchi kutwa anayalinda."

"Ndiyo maana nimeweka fimbo nyuma ya mlango," akasema, tukacheka wote wawili. Nakuandikia haya ili ujue kwamba nilimpenda. Mtu anaweza kumpenda mtu na bado akamfanya nilichomfanya.

Mwaka ule mvua haikuja. Mtama uliota kiganja kimoja ukakauka, watu wakapanda tena, ukakauka tena. Ng'ombe walikufa wamesimama. Kila mwaka wa namna hiyo huwa anatafutwa mtu aliyefunga mvua, na mwanzoni walikuwa wakimsema bibi mmoja wa ng'ambo ya reli. Halafu mmoja akataja lile limau la mlangoni. Mwingine akataja ile nyekundu kwenye injini. Nilisikia hayo kisimani, nikiwa na jibu kinywani, kwa kuwa nilijua limau ni limau. Sikulitoa. Nilikuwa na wenzangu wa ushirika pale, na sikutaka kuonekana namtetea Baniani.

Sasa sikiliza. Siku hiyo ilikuwa saa saba mchana, mashine imezimwa, watu wamekwenda kula. Ufagio wangu ulikuwa umekatika, nikaingia chumba cha nyuma kutafuta mwingine. Chumba hicho sikuwahi kuingia hata siku moja. Ukutani kulikuwa na rafu. Katikati alikaa yule mungu wao mwenye kichwa cha tembo, wa shaba, mkubwa kama mtungi wa lita tano. Kulia kwake kulikuwa na picha ya Yesu, ile ya kwenye kalenda, imebandikwa kwenye kadibodi. Kushoto kulikuwa na picha ya Kaaba, na niliijua, ilikatwa kwenye kalenda ambayo baba yako alimpa. Na pembeni, juu ya kitambaa chekundu, kulikuwa na kipande cha chungu cheusi, cha mdomoni, chenye michirizi mitatu.

Michirizi ile niliijua tangu nikiwa mtoto mgongoni. Mama yangu alikuwa ameokota kile kigae baada ya mimi kuondoka, akakipeleka kwa mtu pekee mjini ambaye asingekicheka wala kukitupa. Na yule mzee alikuwa amekiwekea ua, sawasawa na la Yesu.

Mtu akisikia atadhani nilikasirika kwa ajili ya Yesu kukaa na tembo. Nilidhani hivyo mwenyewe kwa miaka. Si kweli. Nilikiona kigae nikaona aibu, aibu ya kuvuliwa nguo, kwa sababu kitu nilichokiua mbele ya watu watano kilikuwa kimelazwa vizuri na mgeni. Na aibu kwangu mimi haijawahi kukaa dakika moja bila kugeuka hasira. Hilo ulirithi, nimekuona ukipiga mlango.

Nikapiga yowe.

Wewe umekulia kwenye simu, lakini unajua yowe ni nini huku kwetu. Mwanamke akilia yowe, mwanamume aliyelisikia haulizi. Anashika kilicho karibu, anakimbia. Anayebaki nyumbani siku hiyo ataulizwa kesho alikuwa upande wa nani. Yowe halina maelezo ndani yake. Maelezo hutolewa watu wakishafika na fimbo, na wakati huo yanatakiwa yawe mafupi.

Wa kwanza kufika alikuwa Mathayo, kijana wa jirani yetu, aliyekuwa akifyatua matofali nyuma ya mashine. Mikono yake ilikuwa na tope mpaka viwikoni. Hakuuliza kuna nini. Aliuliza, "Nani?"

Mzee Jayanti alikuwa amesimama mlangoni mwa ofisi yake na kitonge cha chakula mkononi, anatutazama bila kuelewa. Nikamnyooshea kidole. Nikasema, "Huyu ndiye aliyefunga mvua."

Sikuwa naamini. Weka hilo akilini. Nilisema neno ambalo watu walikuwa wanalitaka, kwa sababu lile langu la kweli lilikuwa la aibu.

Kufikia hapo watu walikuwa wameshajaa uani, thelathini, arobaini, na wengine wanakuja wakikimbia kutoka kisimani. Jiwe la kwanza lilimpata mdomoni. Nilimwona akitema kitonge na damu pamoja. Na mimi, Neema, niliona raha. Nyemo kwa Kigogo ni furaha, na siku ile jina langu lilinikaa. Nilichukua koleo la mashudu nikarudi chumba cha nyuma kumaliza rafu, nikiimba. Nilipiga ile picha ya Kaaba ikaanguka. Nilipiga Yesu wangu mwenyewe, sikuona hata nampiga. Nikainua koleo mara ya tatu.

Mzee Jayanti alikuwa ameponyoka mikononi mwao, akaingia akitambaa. Walikuwa nyuma yake wanamvuta mguu. Akanyoosha mkono kwenye rafu. Nilijua anakwenda kumkinga tembo wake, na nikashusha koleo kwa nguvu zangu zote nikilenga tembo na mkono pamoja.

Mkono haukwenda kwa tembo. Ulikwenda kwenye kigae cha bibi yako, ukakifunika, na koleo likaangukia hapo. Nilisikia vidole vikivunjika. Sauti yake ni ndogo, si kama watu wanavyodhani.

Wakamvuta nje na mkono wake bado umefumba kile kigae. Uani wakaushika ule mguu wa kushoto wakaulaza juu ya jiwe la mlangoni, na Mathayo akaupiga kwa hendeli ya injini. Alipiga mara mbili. Ya kwanza Mzee alilia kwa Kigujarati. Ya pili alilia kwa Kigogo, akamwita mama. Wanawake walikuwa wakipiga vigelegele, na mwenzangu mmoja wa ushirika, yule aliyekuwa akiniombea nira, alinikumbatia akasema, "Dada, leo Bwana ametukuzwa." Halafu sauti moja ikaita petroli, na mvulana mmoja akakimbia kuileta.

Sijui vizuri kilichonisukuma hapo. Ningependa kukuambia niliona nuru. Niliona tu ule mkono uliovunjika, damu inatoka katikati ya vidole, na haufunguki. Ulikuwa unashikilia kitu cha mama yangu kuliko nilivyowahi kukishika mimi. Nikaenda nikamlalia. Tumbo lilikuwa kubwa, sikuweza kulala kifudifudi, nikalala ubavu, mgongo kwao, wewe katikati yangu na yeye. Fimbo mbili zilinipata mgongoni kabla hawajanitambua. Kisha wakashusha fimbo. Mwanamume anaogopa kumpiga mwenye mimba kwenye mwaka wa ukame. Hilo pia ni tambiko, ingawa halina chungu. Ulikuwa unapiga mateke, na nina hakika yule mzee aliyasikia tumboni kwake.

Ndipo hadithi unayoijua inapoanzia.

Walipokuja askari, kila mtu alisema yule mama mjamzito ndiye aliyemwokoa, kwa kuwa kunitaja mimi kulikuwa kujitaja wenyewe. Waliponiuliza nani alipiga yowe, nikasema sijui, nilisikia tu. Vijana wawili walifungwa. Mathayo ni mmoja wao. Alirudi hana meno ya mbele, na mama yake alikuwa ameshazikwa. Anapita hapa kila asubuhi na toroli lake la maji, ananiamkia, "Shikamoo mama Neema," nami naitikia marahaba. Hajawahi kusema kwamba sauti aliyoifuata ilikuwa yangu. Anajua, na mimi najua kwamba anajua. Juzi ulimwuliza kwa nini hachukui malipo ya maji kwetu, akakwambia ni ujirani. Aliogopa kwamba nikimshika mkono kumpa kitu nitaanza kulia barabarani, na angekuwa sahihi.

Baba yako nilimwambia wiki ileile. Alikaa kitandani na kofia yake mkononi. Akasema, "Nyamaza kwanza. Una mimba." Ile "kwanza" imekuwa miaka ishirini.

Nikawa nampelekea Mzee uji kila siku, ninamwosha mguu. Watu wakazidi kunisifu. Mwezi wa tatu tangu siku ile, tukiwa wawili tu, wewe umelala kwenye kanga, akaniambia, "Debora, mimi nimesikia sauti yako ikipita juu ya injini ya dizeli miaka saba. Unadhani sitaijua bila injini?"

Nikapiga magoti. Nikaanza, "Mzee, kwa jina la Yesu nakuomba..."

Akaninyamazisha kwa ule mkono mbovu. "Usiniombe kwa jina la Mungu yeyote. Majina hayo yote yalikuwepo rafuni na uliyapiga. Siku ukiweza kuniomba kwa jina lako, uje."

Sikwenda, Neema. Alikaa miaka mitano baada ya hapo, nyumba ya tano kutoka hapa, na sikwenda. Uji nilipeleka. Neno sikulipeleka.

Lakini aliniambia mengine ambayo nataka uyabebe, kwa sababu utakwenda kwenye nchi yenye rafu nyingi na watu watakueleza kwamba wao wanapokea kila njia. Nilimwuliza siku moja kama bado anaamini mafuta ni mamoja. Akasema anaamini. Ila, akasema, kuna jambo hakuliona. "Rafu ilikuwa yangu. Mimi ndiye niliyewapanga. Tembo wangu nilimweka katikati, hao wenu pembeni, halafu nikajisifu kwamba nimewaheshimu. Sikumwuliza hata mmoja wenu." Nikamwambia kwamba kupangwa vibaya rafuni si sababu ya kumvunja mtu mguu. Akasema, "Hapana, si sababu. Ila na mimi nina mguu niliouvunja."

Ndipo akaniambia habari ya Hansa. Alikuwa na miaka kama yako, akampenda fundi magari wa Itigi, Mwislamu. Mzee Jayanti, mwenye kigae cha bibi yako na Kaaba ukutani, alichukua kipande cha mkanda wa mashine akampiga binti yake mpaka mkanda ukachanika, na mwezi haujaisha akampakia ndege kwenda kuolewa na mtu asiyemjua. "Mungu nilimruhusu awe na majina mengi," akaniambia. "Mwanangu nikampa moja." Alilia. Sikuwahi kumwona akilia kwa ajili ya mguu.

Alipofariki, Hansa alikuja. Wenzao waliuchoma mwili wa mzee kwa desturi yao, na baada ya siku chache akaja hapa nyumbani, mwanamke mnene mwenye sauti ya chini, akapiga magoti sebuleni mbele ya majirani akanigusa miguu. Kwao ni heshima anayopewa mzazi. Akaniita dada. Aliona kovu la jicho akaliuliza kama nililipata siku ile nikimtetea baba yake. Nikatikisa kichwa kukubali. Nimefanya mabaya mengi kwa mikono, lakini kile kichwa nilichokitikisa ndicho kinachoniamsha.

Kwa hiyo leo, mlipotoka tu, nikampigia simu. Nimechelewa kujifunza, ila nimejifunza pia kwamba sipaswi kukutwisha wewe mzigo huu ukampelekee mlangoni kwake. Nilimwambia yote, kuanzia kisimani mpaka kovu. Sikulia, sikumtaja Mungu. Nilisema, "Mimi Nyemo ndiye niliyefanya, na mimi Nyemo naomba unisamehe." Ni yale maneno niliyotakiwa kumpelekea baba yake, nikayatoa yameshaoza.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Ulisema neno gani? Walipokuuliza nani, ulisema nini hasa?"

Nikamwambia: "Huyu ndiye aliyefunga mvua."

Nilisikia anapumua. Akasema, "Mimi mtu akiniambia njia ni nyingi huwa naukumbuka mkanda. Sasa nitakumbuka na hilo." Halafu akasema, polepole, kwa Kiswahili chake cha utotoni ambacho bado ni cha Manyoni kabisa: "Neema aje. Kitanda chake nimeshatandika. Wewe usije. Siku ya harusi yake usije, siku ya kumaliza shule usije. Mlango wangu usiukanyage."

Nikamwambia nimesikia. Nikamshukuru, akakata.

Basi ndivyo ilivyo. Siku utakayovaa joho sitakuwepo, na sababu unaijua sasa. Usigombane naye kwa ajili yangu. Ana haki, na nimeumia, na yote mawili yanakaa pamoja.

Ndani ya begi, katikati ya kanga mbili, nimeweka kile kigae. Mzee alinirudishia akiwa mahututi. Kina damu yake kwenye mchirizi wa kati, sikukiosha. Usikiweke kwenye rafu ya mtu kabla hujamwuliza, na kama Hansa hakitaki, kikae kwenye begi. Wakikuuliza jina, wataje wote: Neema wa kanisani kwangu, Zuhura wa kwa baba yako, na Tara, alivyokuita yule mzee siku ya arobaini yako, akasema ni nyota kwa lugha ya kwao. Umeitika yote tangu utotoni na hujawahi kupungua.

Mathayo nitamwendea kesho, basi lenu likishaondoka. Nitamwomba kwa jina langu, na baada ya hapo nitakwenda kituo cha polisi kuwaambia nani alipiga yowe. Baba yako anajua. Safari hii hakusema ninyamaze.

Huko uendako nako watu hulia yowe, Neema. Utasikia kelele barabarani, utaona watu wanakimbia na vitu mikononi, na wote watakuwa na uhakika. Usikimbie nao. Simama, uliza ni nani analia, na uliza analilia nini. Uliza hata kama sauti ni ya mama yako.

Mimi mama yako,
Nyemo